Johann Coaz, mzee aliyeandikisha kila poromoko la theluji

Sisi wa migodi tunajua kifo kinachotoka juu ya kichwa. Ndiyo maana leo tunamuongelea mutu wa Uswisi, hata kama kwetu Congo theluji iko kule Ruwenzori tu.

Johann Coaz alizaliwa mwaka 1822 mu muji wa Antwerp, akakomea Graubünden, jimbo la milima mikali. Alisomea kazi ya misitu, halafu miaka mingi alipanda milima na vyombo vya kupima, juu ya kutengeneza ramani ya inchi. Mwaka 1850, yeye na wenzake wawili walikuwa wa kwanza kufika ku kichwa cha Piz Bernina, metre 4049. Lakini si juu ya hiyo tunamusifu.

Mu vijiji vile theluji ilikuwa inakatika ku mulima na kufunika manyumba, ngombe na watu. Wengi waliona ni mapenzi ya Mungu: walizika, wakajenga tena palepale. Coaz alipokuwa mukubwa wa misitu, alitaka kila poromoko liandikwe: lilianzia wapi, lilipita wapi, liliharibu nini, liliua wangapi. Mwaka 1881 alitoa kitabu juu ya maporomoko ya Uswisi.

Theluji inalala tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja ya chini ikikosa kushikamana, ile ya juu inangoja tu upepo uongeze muzigo, ao jua, ao muguu wa mutu. Sisi tunagonga mwamba na chuma, tusikie kama unalia tupu. Watu wa theluji wanachimba shimo waone matabaka. Wakisikia inanguruma chini ya miguu, wanarudi mbio.

Mu mugodi mumoja tuliomba daftari la kuandika kila jiwe lililoanguka, hata lile halikugusa mutu. Tuliambiwa hakuna makuta ya karatasi. Tulinunua kaye yetu sisi wenyewe.

Coaz alielewa kama poromoko likishashika mbio halizuiliki. Ukuta unajengwa kule juu linapoanzia, na musitu wa mulimani haukatwe ovyo. Sheria ya Uswisi ya mwaka 1876 ililinda misitu hiyo. Toka 1875 yeye ndiye alikuwa inspekta mukubwa wa misitu ya inchi nzima, na aliacha kazi mwaka 1914, na miaka 92! Alikufa mu Chur mwaka 1918.