Ali bin Ridhwan: tabibu aliyeuchunguza moshi wa mji

Tukitaja matabibu wa Kiislamu wa zamani, ulimi wetu humkimbilia Ibn Sina, na pengine Ar-Razi baada yake. Wa Misri tunawasahau. Leo nimependa kumleta ukurasani Ali bin Ridhwan wa Giza, bingwa aliyefariki kiasi cha mwaka 1061, ambaye Wazungu wa kale waliosoma kazi zake kwa Kilatini walimwita Haly. Sababu ya kumleta ni moshi. Nairobi yetu hii, hasa mitaa kama Kibera na Kawangware, imewapa kazi kubwa wataalamu wa mazingira wanaopima hewa, nami kila nisomapo habari za vipimo vyao hukumbuka kuwa mtu huyu aliifanya kazi hiyo hiyo bila ya mashine, kwa macho yake, pua yake na ndevu zake.

Alizaliwa Giza, ng'ambo ya mto Nili, mwishoni mwa karne ya 10. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na mtoto aliyelelewa mbele ya tanuri haambiwi na mtu moshi ni nini. Alipofika miaka 10 alivuka kwenda mjini kutafuta elimu, na alipofika 14 alianza utabibu na falsafa. Fedha hakuwa nazo. Alijikimu kwa kupiga falaki, kwa kufundisha, na kwa kutibu palipopatikana wa kutibiwa. Walimu wakubwa walitaka malipo asiyoyaweza, basi aliketi na vitabu vya Jalinusi na Bukrati akavisoma peke yake, na mpaka uzeeni alishikilia kwamba kitabu chamtosha mwanafunzi. Sisi tuliokaa msambweni chuoni mbele ya mwalimu na bakora yake hatutalikubali neno hilo upesi, lakini kwake lilizaa matunda, kwani aliishia kuwa mkuu wa matabibu wa Misri katika dola ya Fatimiya.

Alikuwa bado mwanafunzi ilipozuka mbinguni, mwaka 1006 (396 Hijria), nyota ngeni iliyong'aa kuishinda Zuhura mara mbili na zaidi. Aliandika ilikuwa upande gani wa mbingu na ukubwa wake ulikuwaje, na maelezo yake ni katika yale yanayotegemewa na wanajimu wa leo wanapoichunguza nyota hiyo iliyopasuka.

Sura hakuruzukiwa. Ibn Butlan, tabibu wa Baghdadi aliyefika Kahira mwaka 1049, alimpachika jina la Mamba wa Majini, na wawili hao wakagombana kwa maandishi juu ya kifaranga cha kuku, kama ni cha moto kitabia kuliko makinda ya ndege wengine. Ugomvi wa kifaranga ukageuka kuwa ugomvi wa mwalimu na kitabu, na mwishowe Mbaghdadi alifunga virago akaondoka Misri kwa hasira. Ibn Ridhwan naye aliandika risala kuthibitisha kuwa tabibu hahitaji kuwa mzuri wa uso.

Lakini kitabu kinachonifanya nimpende ni kile alichoandika juu ya kuzuia madhara ya mwili katika nchi ya Misri. Alikiandika kwa kuudhika. Tabibu mmoja wa Kairawani, Ibn al-Jazzar, alikuwa ametunga kitabu kueleza kwa nini Misri ina maradhi mengi, ilhali mguu wake haukuwahi kuikanyaga Misri. Ibn Ridhwan aliona si haki hewa ya mahali ihukumiwe na asiyeivuta, akashika kalamu kuieleza nchi yake mtaa kwa mtaa.

Kwa Fustati, mji mkongwe uliotangulia Kahira, hakuficha kitu. Aliona kwamba nyumba ni ndefu na vichochoro ni vyembamba, hewa ikiingia haitoki. Upande wa mashariki, mlima Mukattam unaukinga upepo. Watu hutupa mizoga ya paka na mbwa njiani ikaoza, na vyoo vyao humwagika katika mto ule ule wanaounywa. Tanuri za hamamu hutoa moshi mwingi. Vumbi lake hukereketa koo na kuichafua nguo safi kwa siku moja, na mtu akitoka kwa haja yake hurudi uso na ndevu zimejaa. Na jioni, hasa za kiangazi, upepo ukitulia, aliona mvuke mweusi umetanda juu ya mji. Hakusema kuwa Misri yote iko hivyo. Kahira ilikuwa na njia safi zaidi, akaihukumu hewa yake kuwa bora, ingawa miji hiyo miwili ilikaribiana.

Mimi mvuke huo nimeuona, ila si Misri. Nimeuona Kibera saa ya magharibi, mwezi wa Julai, pale Nairobi inapokuwa na baridi na watu hufunga milango. Chini ya mabati kila chumba kina jiko lake, huku la makaa, huku la kuni au mafuta ya taa; nje mama anakaanga mandazi, na pembeni taka zinachomwa pamoja na mifuko ya plastiki. Hewa baridi ya usiku hulala chini, na moshi hauna pa kupandia. Kibera yenyewe ilianzishwa na watu wa mto Nili, askari Wanubi wa jeshi la Mwingereza waliopewa makao katika pori lile mwanzoni mwa karne ya 20, nao ni Waislamu wenzetu. Jina lenyewe, Kibra, ni pori kwa lugha yao. Pori limekwisha zamani. Kawangware nako hali ni hiyo hiyo, na jirani yake ni Lavington ya majumba na miti, kama Fustati na Kahira.

Wataalamu wa sasa hutafuta chembe zisizozidi mikromita 2.5, nyembamba kuliko unywele mara 25 au zaidi, zipitazo pua na koo zikafika ndani kabisa ya pafu na kuingia damuni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilipunguza kiwango kinachofaa kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika mita moja ya ujazo, na hukisia kuwa hewa chafu huua watu milioni 7 hivi kila mwaka. Ibn Ridhwan hakuzijua chembe hizo. Alidhani hewa huharibu mchanganyiko wa mwili, kama walivyofundisha Wayunani. Hata hivyo jambo moja alilishika ambalo wengi bado hawajalishika: kwamba wastani wa mji mzima hausemi kweli. Kipimo kilichowekwa penye bustani hakijui kitu juu ya mtoto anayelala kando ya jiko.

Dawa zake ndizo zinazonitia unyonge. Alishauri mtu akae palipoinuka, nyumba iwe na nafasi, madirisha yaupokee upepo, vyumba vifukizwe manukato. Ni maneno mema kwa mwenye kuchagua nyumba. Wa Kibera dirisha lake, kama lipo, hufunguka kwenye jiko la jirani, na udi juu ya makaa ni moshi mwingine.

Mwisho wake ulikuwa mzito. Husimuliwa kwamba katika miaka ya njaa alimlea yatima wa kike nyumbani kwake, na binti huyo akaondoka siku moja na mali yake nyingi, tangu hapo akili ya mzee ikabadilika. Nyumba yake iliendelea kuitwa kwa jina lake muda mrefu baada ya kifo chake. Fustati ilichomwa moto mwaka 1168 kwa amri ya waziri Shawar.

Kitabu chenyewe kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1984, kazi ya Michael Dols, pamoja na Kiarabu chake. Kwa Kiswahili sijakiona. Akitokea wa kukifasiri, nakala ya kwanza ningependa ipelekwe Makina, Kibera, kwa wale wajukuu wa watu wa Nili.