Ambroise Paré, munganga wa wafalme aliyevunjika muguu

Mutu akivunjika mufupa, siku ile ile kila jirani anageuka munganga. Mumoja analeta majani, mwengine mafuta ya kukandia, mwengine vidonge vya omeopatia. Wasomaji wetu wanajua vizuri mambo hayo. Ndiyo maana leo tunaeleza maisha ya mutu aliyetibu mifupa ya watu wengi, kisha siku moja wake pia ukavunjika.

Ambroise Paré alizaliwa karibu mwaka wa 1510, kandokando ya muji wa Laval, kule Ufaransa. Hakusoma Kilatini, wala hakuingia chuo kikuu. Wakati ule wanganga wakubwa walikuwa watu wa vitabu, hawakupenda kuchafua mikono. Kazi ya kupasua, kufunga vidonda na kurudisha mifupa waliwaachia vinyozi. Paré alijifunza kazi hiyo ya kinyozi, akatumika karibu miaka tatu mu hospitali ya Hôtel-Dieu kule Paris, kisha akafwata waaskari ku vita.

Mwaka wa 1537 alikuwa Italia. Vitabu vya wakubwa vilisema kwamba kidonda cha risasi kina sumu, basi lazima kukimwangia mafuta yenye kuchemka. Siku moja mafuta yakamwishia, na majeruhi walikuwa bado wengi. Paré akachanganya kiini cha yai, mafuta ya maua ya waridi na tarpentini, akawapakaa. Usiku hakupata usingizi, akiogopa kuwakuta wamekufa. Asubuhi mapema akaenda kuwaona: wale wa dawa baridi walikuwa wamelala vizuri, na wale wa mafuta ya moto walikuwa na homa, maumivu na uvimbe. Toka siku ile aliapa kutounguza tena majeruhi. Mwaka wa 1545 akachapisha kitabu juu ya jambo hilo.

Mwaka wa 1552, ku vita vya Damvillers, alikata muguu wa mukubwa mumoja wa jeshi. Desturi ilikuwa kuzuia damu kwa chuma chenye moto. Yeye alifunga mishipa kwa uzi, na mutu yule akapona. Mufalme Henri wa 2 akamwita, na Paré akawa munganga wa wafalme wane, mumoja nyuma ya mwengine.

Tufike sasa ku muguu wake mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa Mei 1561, naye alikuwa na miaka karibu 50. Alitaka kuvuka mto Seine, lakini farasi wake akakataa kupanda mutumbwi. Paré akampiga fimbo ndogo kwa nyuma. Farasi akajibu kwa teke, akamvunja mifupa yote miwili ya muguu wa kushoto, vidole vine juu ya kifundo. Paré akarudi nyuma akiogopa teke la pili, akaanguka. Ile mifupa ikatoboa nyama, soksi na buti, ikatokea inje.

Alijua hesabu vizuri. Wakati ule mufupa ukitokea inje, mara nyingi ilikuwa kukata muguu ao kufa. Akapelekwa mu nyumba ya karibu, na akamwomba mwenzake Richard Hubert asimhurumie juu ya urafiki: avute muguu kwa nguvu, na kama kidonda ni kidogo, akipanue kwa kisu mpaka mifupa irudi pahali pake. Na dawa? Mu nyumba ile hamukuwa dawa yoyote. Walichukua vya jikoni: ute wa mayai, unga wa ngano, masizi ya moto na siagi iliyoyeyushwa. Vile ndivyo walipakaa munganga wa mufalme.

Haikuwa rahisi. Homa ikampata, usaha ukajaa. Usiku mumoja muguu ukashtuka mu usingizi, mifupa ikatoka tena, ikabidi kuirudisha kwa maumivu yaleyale. Lakini muguu haukukatwa, na alipopona hakuchechemea. Mwaka wa 1564 akaandika hayo yote mu kitabu, kwa Kifaransa, ili vinyozi wenzake wasome. Wakubwa wa chuo kikuu walikasirika juu ya kuacha Kilatini.

Kumbe, masizi na siagi ndivyo viliunganisha mufupa? Hapana. Mufupa uliunga juu ya kurudishwa pahali pake, kufungwa usitikisike, kidonda kuchungwa kila siku, na wakati kupita. Paré mwenyewe alipenda kusema kwamba yeye anafunga tu, anayeponyesha ni Mungu.

Tena hakuamini dawa juu ya sifa tu. Mufalme Charles wa 9 alikuwa na jiwe liitwalo bezoari, ambalo watu walisema linashinda sumu zote. Paré akakataa. Mupishi mumoja, aliyehukumiwa kunyongwa juu ya wizi, akakubali kunywa sumu na kumeza jiwe lile, ili akipona aachiliwe. Alikufa kwa mateso makubwa kisha saa chache. Jaribio kama lile leo tungeliita uovu, lakini jibu lilikuwa wazi.

Omeopatia ilikuja miaka mia mbili nyuma, na Mujerumani Samuel Hahnemann, aliyekufa Paris mwaka wa 1843. Vidonge vyake vingi vimechanganywa na maji mara nyingi hata dawa ya kwanza haibakie ndani. Wachunguzi waliovipima hawakuona vinashinda kidonge kitupu, na toka Januari 2021 bima ya serikali ya Ufaransa haivilipie tena. Mutu akimeza kidonge hicho huku mufupa umerudishwa na kufungwa vizuri, atapona, na atasifu kidonge. Lakini akikimeza pahali pa kwenda hospitali, mufupa utaunga vibaya, ao kidonda kitaoza.

Ambroise Paré alikufa Paris tarehe 20 Desemba 1590, miaka karibu 30 kisha ajali ile. Miaka hiyo yote alitembea ku kazi yake na miguu yake miwili.