Walter Winans: Bingwa wa shabaha aliyeipenda bastola ambayo majeshi hayakuitaka

Na Mwandishi Wetu

RISASI sita kwa sekunde saba, zote ndani ya duara lenye upana wa inchi mbili, kutoka umbali wa hatua 12. Hayo ndiyo matokeo aliyoyapata Walter Winans mwaka 1902, kwa bastola mpya iliyokuwa imezua gumzo miongoni mwa walenga shabaha wa Uingereza. Kwa msaada wa kifaa cha Prideaux, kilichokuwa kikipakia risasi zote sita kwa mkupuo mmoja, aliweza kumaliza risasi 12 kabla ya nusu dakika kwisha.

Bastola hiyo iliitwa Webley-Fosbery, na wapo walioiona kuwa ni kituko cha ufundi tu. Winans hakuwa miongoni mwao. Alikuwa tayari ametwaa ubingwa wa bastola mara kadhaa katika mashindano ya Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza, na mwaka 1901 alikuwa ametoa kitabu kinachofundisha sanaa ya kupiga shabaha kwa bastola. Neno lake katika mambo hayo lilikuwa na uzito.

Huyu alikuwa Mmarekani aliyezaliwa Urusi na kuishi Uingereza karibu maisha yake yote. Alizaliwa Aprili 5, 1852, mjini St. Petersburg. Babu yake, Ross Winans wa Baltimore, alikuwa mvumbuzi na mtengenezaji wa injini za treni, na mwaka 1843 wanawe walikwenda Urusi kushiriki katika mkataba wa kuunda injini na mabehewa ya reli iliyounganisha St. Petersburg na Moscow. Utajiri uliotokana na reli hiyo uliitosha familia kwa vizazi.

Baba yake, William Louis Winans, alihamia Uingereza kwa sababu za kiafya, akaishi huko kwa miaka 37 akiichukia nchi hiyo waziwazi. Ndoto yake ilikuwa kuunda meli zenye umbo la sigara, zilizochongoka pande zote mbili, ambazo aliamini zingeinyang'anya Uingereza biashara ya baharini na kuirudisha Marekani. Meli hizo hazikufanikiwa. Alipofariki mwaka 1897, kesi ya kodi ya urithi wake ilipanda hadi Baraza la Mabwana, ambalo mwaka 1904 liliamua kuwa mzee huyo hakuwahi kuifanya Uingereza makazi yake ya kudumu. Wanafunzi wa sheria bado wanaisoma kesi hiyo.

Ipo nyingine inayokumbukwa zaidi huko Uskochi, nayo haiipambi familia hii. Mzee Winans alikuwa amekodi zaidi ya ekari 200,000 za milima kwa ajili ya kuwinda paa wakubwa wa huko. Mwaka 1884, katika eneo la Kintail, mwanakondoo aliyefugwa na familia ya mtu maskini, Murdoch Macrae, alikutwa akila nyasi ndani ya eneo hilo lisilo na uzio. Tajiri huyo alimfikisha Macrae mahakamani ili azuiwe kuingiza mnyama yeyote humo. Mwaka 1885 majaji wa Edinburgh walimnyima ushindi, na kesi ya mwanakondoo ikawa mfano wa dhuluma waliyokuwa wakiilalamikia wakulima wadogo wa milimani. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyowahakikishia wakulima hao haki ya kubaki katika mashamba yao.

Katika maisha ya namna hiyo, ya fedha isiyohesabika na milima iliyofungiwa wengine, ndimo Walter alimokulia na kuwa mwindaji. Hakuhitaji kufanya kazi ili ale. Alichagua mambo matatu, shabaha, farasi na uchongaji wa sanamu, na yote matatu akayafanya kwa bidii ya mtu anayeyategemea kwa riziki.

Ili kuelewa kwa nini aliipenda Webley-Fosbery, sharti kwanza kulitazama tatizo lililomkabili kila mlenga shabaha wa bastola wa zama zile. Bastola ya silinda ilikuwa na njia mbili za kufyatua. Ya kwanza ni kuivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Kifyatulio hapo huwa chepesi na shabaha hutulia, lakini mkono hulazimika kuhama kila mara na muda hupotea. Ya pili ni kuvuta kifyatulio moja kwa moja, chenyewe kikaizungusha silinda na kuiinua nyundo. Hiyo ni ya haraka, ila kifyatulio huwa kizito, na kidole kinapokaza nguvu mtutu nao huyumba. Mpigaji alitakiwa achague: kasi au utulivu.

Aliyetaka kuliondoa tatizo hilo alikuwa askari mstaafu, Luteni Kanali George Vincent Fosbery. Mzaliwa wa Wiltshire mwaka 1832, alitumikia katika jeshi la Bengal nchini India, na Oktoba 30, 1863, katika vita vya Umbeyla kwenye mpaka wa kaskazini magharibi, aliongoza kundi la askari kupanda mwamba uliokuwa umetekwa na adui na kuukomboa. Kwa kitendo hicho alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Baada ya kustaafu mwaka 1877 aliugeukia ufundi wa silaha. Yeye ndiye aliyebuni bunduki iliyoitwa Paradox, iliyokuwa na mtutu laini wenye mifereji karibu na mdomo tu, ikaweza kupiga marisawa na risasi nzima pia. Kampuni ya Holland & Holland iliitengeneza kwa wawindaji.

Mwaka 1895 Fosbery alisajili wazo la bastola ya silinda inayojiandaa yenyewe. Kiwanda cha Webley & Scott cha Birmingham kilililea wazo hilo, na Julai 1900 silaha ikaonyeshwa Bisley, katika jimbo la Surrey, kwenye viwanja vya shabaha ambavyo chama cha bunduki kilihamia mwaka 1890 kikitokea Wimbledon.

Ufundi wake ni wa kuvutia. Bastola hiyo imegawanyika sehemu mbili. Chini kuna mpini na kifyatulio. Juu kuna mtutu, silinda na nyundo, ambavyo vyote huteleza kwa pamoja juu ya reli fupi. Risasi inapotoka, nguvu ya mshindo huisukuma sehemu ya juu irudi nyuma. Kwenye mwili wa silinda imechongwa mifereji ya kwenda upogo, mithili ya umeme wa radi, na ndani yake hupita kijiti kidogo cha chuma kilichoshikizwa sehemu ya chini. Sehemu ya juu inaporudi, kijiti huizungusha silinda nusu ya hatua na nyundo hujivuta. Springi inapoirudisha mbele, silinda humalizia nusu iliyobaki, na risasi nyingine huwa tayari imekaa mbele ya nyundo.

Mpigaji hubaki na kazi mbili tu, kulenga na kugusa kifyatulio. Kila risasi hutoka kwa wepesi ule ule, kana kwamba nyundo imevutwa kwa kidole, lakini mkono haujasogea hata kidogo. Zaidi ya hapo, sehemu ya nguvu ambayo kwa kawaida hulipiga teke bega na kiganja humalizikia katika safari ya chuma juu ya reli. Mambo hayo mawili, teke dogo na kifyatulio chepesi, ndiyo yaliyomfanya Winans aipendelee.

Haikuwa silaha isiyo na kasoro. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo moja na robo, na mtutu wake ulikaa juu sana ya kiganja. Iliyokusudiwa wapiga shabaha ilikuwa na mtutu mrefu wa inchi saba na nusu. Aina ya .455 ilibeba risasi sita, na ile ya .38 ilibeba nane. Tatizo lake kubwa lilikuwa mkono wa mpigaji. Aliyeishika kwa ulegevu aliifanya irudi nyuma yote kwa pamoja, mpini na mtutu, bila sehemu ya juu kumaliza safari yake. Silinda ikazunguka nusu na kukwama. Ilihitaji kifundo cha mkono kilicho imara kama gogo, na kifundo cha namna hiyo Winans alikuwa nacho. Mgeni wa silaha angeweza kuirudisha dukani akidai ni mbovu.

Uwanjani hilo halikuwa na madhara makubwa. Mpigaji husimama pakavu, bastola yake imesafishwa, mkono umenyooka. Vitani ni habari nyingine. Maofisa wa Uingereza, ambao waliruhusiwa kujinunulia bastola mradi ikubali risasi za jeshi, walikwenda nayo katika Vita Kuu ya Kwanza, na matope ya mahandaki yakaijaza mifereji na reli zake. Jeshi la Uingereza halikuipitisha rasmi. Marekani nayo iliijumuisha katika majaribio ya mwaka 1907 ya kutafuta bastola mpya ya jeshi, haikuteuliwa, na mwaka 1911 nafasi hiyo ilichukuliwa na Colt. Inashangaza kidogo kwamba silaha iliyobuniwa na shujaa wa vita ilipata heshima yake mbele ya karatasi zilizobandikwa ubaoni. Fosbery mwenyewe alifariki mjini Bath Mei 1907.

Winans aliendelea. Mwaka 1908 Michezo ya Olimpiki ilifanyika London, na mashindano mengi ya bunduki yakapelekwa Bisley, uwanja alioufahamu vizuri. Akiiwakilisha Marekani, alishiriki shindano la kumpiga paa wa bandia anayekimbia relini umbali wa mita 100, ambapo mpigaji alipewa nafasi ya kupiga risasi mbili kila mnyama anapopita. Alipata pointi 46 kati ya 80 na kutwaa medali ya dhahabu. Mlenga shabaha wa bastola alikuwa ameshinda kwa bunduki.

Miaka minne baadaye mjini Stockholm, akiwa na umri wa miaka 60, alipata medali ya fedha katika shindano la timu la paa huyo huyo. Hata hivyo, medali yake kubwa zaidi mwaka huo haikutokana na baruti. Kwa mara ya kwanza Olimpiki ilikuwa imeanzisha mashindano ya sanaa, kwa msukumo wa Pierre de Coubertin, na Winans alipeleka sanamu ndogo ya shaba ya farasi wa Kimarekani wa mbio za matiti akiwa amefungwa kwenye kigari. Ilishinda dhahabu ya uchongaji. Mashindano ya sanaa yalifutwa baada ya Olimpiki ya mwaka 1948, na hadi leo hakuna mtu mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki katika michezo na katika sanaa pia. Alfréd Hajós, muogeleaji wa Hungaria, ndiye aliyemkaribia. Yeye alipata dhahabu za kuogelea mwaka 1896 na fedha ya usanifu majengo mwaka 1924.

Farasi aliyechongwa hakuwa wa kubuni. Winans alifuga na kuendesha farasi wa aina hiyo kwa miaka mingi, na aliandika pia juu ya uchongaji wa wanyama. Aliendelea kuandika juu ya bastola. Kitabu chake kuhusu bastola zinazojipakia zenyewe kilitoka mwaka 1915, wakati bastola za silinda zilikuwa zimeanza kupitwa na zama.

Agosti 12, 1920, katika uwanja wa Parsloes Park, London, aliingia kwenye mbio za vigari akiwa na umri wa miaka 68, umri ambao wengi huziangalia mbio hizo wakiwa jukwaani. Alipatwa na shambulio la moyo akiwa ameshika hatamu, akafariki.

Webley-Fosbery ilidumu kidogo baada yake. Utengenezaji wake ulikoma miaka ya 1920, baada ya bastola zisizofika 5,000 kutoka kiwandani. Mwandishi wa riwaya wa Kimarekani, Dashiell Hammett, aliitumia kama silaha ya mauaji katika The Maltese Falcon ya mwaka 1930, jambo lililoipa umaarufu kuliko vita vyote ilivyopigana. Wazo la Fosbery lilirudi mwaka 1997, pale fundi wa Kiitalia, Emilio Ghisoni, alipotoa Mateba Unica, bastola ya silinda inayotumia nguvu ya mshindo kuizungusha silinda na kuivuta nyundo. Ghisoni aliteremsha mtutu hadi usawa wa risasi ya chini kabisa ya silinda, na hivyo akaiponya kasoro ya mtutu kukaa juu ya kiganja. Nayo haikununuliwa kwa wingi.