Brigham Young na Fundisho la Damu

Semesta iliyopita nilichukua mada ya historia ya dini nikidhani nimepata ya mteremko. Nikaishia kununiana na rumeti wangu wiki nzima. Yeye ni Mormoni, kijana mpole, hanywi chai wala kahawa hata usiku wa kuamkia mtihani. Nilipomwambia naandika juu ya Brigham Young alifurahi. Nilipotaja upatanisho wa damu akakunja uso, akasema huo ni uzushi wa maadui wa kanisa lao. Basi, nikaenda kusoma.

Young alizaliwa Juni 1, 1801, kijijini Whitingham, Vermont, mtoto wa tisa kati ya kumi na mmoja. Kwa hesabu yake mwenyewe, darasani alikaa siku 11 tu. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka 14, naye akaingia kwenye kazi za mikono: useremala, kupaka rangi, kuweka vioo vya madirisha. Mwaka 1832 alibatizwa katika kanisa changa la Joseph Smith, na mwaka huohuo mke wake Miriam akafariki, akimwachia mabinti wawili. Miaka mitatu baadaye seremala huyu alikuwa mmoja wa Mitume Kumi na Wawili.

Sasa hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu mwanzoni nilitaka kumchora kama jini. Watu wake walionewa kwelikweli. Mwaka 1838 gavana wa Missouri alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Siku chache baadaye, pale Haun's Mill, waliuawa 17, wakiwemo watoto. Smith akiwa gerezani, Young ndiye aliyesaidia kuwavusha maelfu kwenye baridi mpaka Illinois. Juni 1844 umati wenye silaha ukavamia jela ya Carthage na kumuua Smith. Young akashika uongozi, akawatoa Nauvoo mwaka 1846, na Julai 24, 1847 akaingia bonde la Salt Lake akiwa mgonjwa, amelala ndani ya gari la kukokotwa.

Mwaka 1850 Rais Millard Fillmore akamteua kuwa gavana wa Utah. Mtu mmoja sasa alikuwa rais wa kanisa na mkuu wa serikali. Akihutubia Jumapili, je, hayo ni mahubiri au ni amri? Mkulima aliyekaa benchi la nyuma angejuaje?

Kisha ukaja ukame, nzige wakala mazao, na mwaka 1856 viongozi wakaanzisha kampeni ya kuwarudisha watu kwenye toba. Waliobatizwa wakabatizwa upya. Wahubiri wakapita nyumba kwa nyumba na orodha ya maswali ya dhambi. Moto mkubwa aliuwasha Jedediah Grant, msaidizi wa Young, lakini Septemba 21 mwaka huo wote wawili walipanda madhabahuni, na Februari 1857 Young akarudia. Fundisho lenyewe lilikuwa hivi: damu ya Kristo inafuta dhambi nyingi, lakini zipo nyingine nzito ambazo haiwezi kuzifuta. Aliyezitenda akitaka kuokoka, damu yake mwenyewe imwagike ardhini. Young akaenda mbali zaidi, akafundisha kwamba kumsaidia mtu huyo kumwaga damu yake ni kumpenda jirani.

Nilimsomea rumeti. Akasema ni lugha ya jukwaani ya kuwatisha watu watubu, na mwenye dhambi alitakiwa akubali mwenyewe. Hoja hiyo wako wanahistoria wanaoikubali. Mimi inanishinda nikifika Machi 1857, mjini Springville, walipouawa watu watatu katika shambulio lililolenga familia iliyotaka kuliacha kanisa na kuondoka. Aliyewaua hakuwa amesikia shairi.

Septemba 11 mwaka huo, Mountain Meadows, wanamgambo wa Kimormoni wakishirikiana na baadhi ya Wapaiute waliua wasafiri wapatao 120, wengi wao kutoka Arkansas, baada ya kuwadanganya kwa bendera nyeupe. Walibaki watoto wadogo 17. Jeshi la Marekani lilikuwa njiani kuja Utah na hofu ilikuwa imetanda, kwa hiyo siwezi kusema mauaji haya yalitokana na fundisho hilo peke yake. Tena barua ya Young ya kuamuru wasafiri waachwe wapite ilifika siku mbili baada ya mauaji. Hilo nalihesabu upande wake. Upande wa pili nahesabu kwamba kati ya wote waliohusika alihukumiwa mmoja tu, miaka 19 baadaye: John D. Lee, ambaye Young alikuwa amemfanya mwana wa kiroho.

Sheria ya Utah ya 1852 ilimruhusu mhukumiwa kuchagua kupigwa risasi, kunyongwa au kukatwa kichwa. Lee alichagua risasi. Machi 23, 1877 walimrudisha palepale Mountain Meadows, wakamkalisha juu ya jeneza lake. Alikufa akimlaumu Young. Miezi mitano baadaye, Agosti 29, Young naye akafa kwa maradhi ya tumbo, akiacha wajane wengi na chuo alichokianzisha Provo mwaka 1875, ambacho leo kinabeba jina lake.

Kanisa lilikana fundisho hilo kwa tamko mwaka 1889, likalikana tena 2010, Utah ilipomuua mfungwa kwa risasi.

Nilidhani nimemaliza, kumbe bado. Mwaka 1863 Young alihubiri kwamba mzungu akichanganya damu yake na mtu wa uzao wa Kaini, yaani sisi, adhabu yake kwa sheria ya Mungu ni kifo papo hapo. Yeye ndiye aliyetangaza mwaka 1852 kwamba weusi hawatapewa ukuhani, na zuio hilo lilidumu mpaka Juni 1978.

Ukurasa huo sikumsomea rumeti. Nilimwachia kitabu wazi kitandani kwake nikaenda kula. Niliporudi kilikuwa mezani kwangu, kimefungwa vizuri, na ndani yake ameweka kipande cha karatasi pale alipoishia. Alikuwa ameusoma ukurasa huo na mingine sita mbele. Usiku ule aliniuliza kama maktaba wana nakala nyingine.