Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanaijua Kisenyi ya Kampala, kule bondeni chini ya Mengo, ambako nyundo hugonga tangu asubuhi na unga wa vinu vya mahindi humfanya mpita njia kuwa mweupe kama mzee wa mvi. Wapo huko wafua vyuma, wauza vyuma chakavu na mafundi wa magari. Wapo pia wale ambao ndio wanaonihusu katika habari hii, yaani mafundi wa kusuka mota zilizoungua. Fundi wa kazi hii huitoa shaba iliyoungua, akahesabu mizunguko yake, kisha akasuka waya mpya kwa mikono yake, duru baada ya duru, kwa saburi ya mwanamke asukaye mkeka.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mimi na mwenzangu tulikwenda huko wakati wa likizo tukiwa na gurudumu la baiskeli. Tulikuwa tumenunua sumaku za spika mbovu, tukazigandisha ukingoni mwa gurudumu, na nyingine tukazifunga katika fremu ya mbao. Tulidhani kwamba sumaku zikisukumana, gurudumu litazunguka lenyewe usiku na mchana, na koili zilizo kando yake zitatoa umeme wa bure. Fedha tulizonunulia sumaku tulikuwa tumepewa nyumbani kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo haja ya kufaulu ilikuwa kubwa. Gurudumu lilisukumika kidogo, likatikisika, likasimama. Tulibadili nafasi za sumaku siku nne, na kila mara likasimama.

Mzee mmoja msuka mota alituona. Hakutucheka. Alitwambia tuziondoe sumaku za fremu, tuzigeuze zile za gurudumu kaskazini na kusini kwa zamu, akatupa koili tatu kutoka mota mbovu. Kisha akaniambia nizungushe kwa mkono. Gurudumu lilizunguka kwa wepesi. Akaunga taa ndogo ya tochi katika nyaya mbili; taa ikawaka, na papo hapo nikaona gurudumu limekuwa zito mkononi mwangu. Akakata waya, likawa jepesi. Akaunga, likawa zito. Hakueleza neno, maana alikuwa na mota ya mtu ya kumaliza, akarudi kazini.

Uzito ule wa mkononi ulinisumbua hata nilipotoka shule. Nilikuja kuuelewa niliposoma maisha ya Michael Faraday, na ndiyo sababu nayaandika. Hata leo wapo vijana wenye gurudumu kama letu, na picha za mashine za namna hiyo huwafikia katika simu zao. Nadhani itawafaa kumjua mtu aliyetangulia kupata umeme kutoka katika sumaku na waya.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, mahali paitwapo Newington, kusini mwa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi, fundi hodari lakini mwenye afya mbaya, ambaye siku nyingi hakuweza kuinua nyundo. Mwaka 1801, nafaka ilipokuwa ghali sana Uingereza, Michael alikuwa akipewa mkate mmoja ambao ulipaswa kumtosha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu, basi. Alipofika miaka 13 alianza kutumwa kupeleka magazeti na muuza vitabu mmoja jina lake George Riebau, na mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake wa kujalidi vitabu kwa miaka saba.

Kazi ya mjalidi ni kushona karatasi na kuzivika ngozi, wala hapaswi kuzisoma. Kijana huyu alizisoma. Katika kamusi kubwa ya elimu iliyoletwa kujalidiwa alikuta makala juu ya umeme, na katika kitabu cha Bibi Jane Marcet akakuta elimu ya kemia. Lakini hakukubali jambo kwa kuwa limeandikwa tu. Alitaka kulijaribu kwa senti alizokuwa nazo. Mwaka 1812 alikata vipande saba vya zinki, kila kimoja ukubwa wa sarafu ya nusu-peni, akavipanga pamoja na nusu-peni saba za shaba, na katikati akatia karatasi zilizoloweshwa maji ya chumvi. Hiyo ikawa betri yake ya kwanza. Twaweza kuitengeneza hata leo katika maabara ya shule, ikiwa mwenye ghala ataturuhusu kukata zinki yake.

Mwaka huohuo mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kusikiliza mihadhara minne ya Sir Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa Royal Institution. Faraday aliandika kila alilolisikia, akachora vyombo alivyoviona, akajalidi yote kuwa kitabu kizuri, akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Nafasi haikuwapo. Lakini mapema mwaka 1813 msaidizi wa maabara alifukuzwa kwa sababu ya ugomvi, na Davy akamkumbuka yule mjalidi. Aliajiriwa kwa shilingi 25 kwa juma na vyumba viwili vya juu darini. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa na kuandaa vyombo. Alikaa katika nyumba ile kwa muda wa karibu nusu karne.

Safari yake ya Ulaya pamoja na Davy, kuanzia 1813 hadi 1815, nitaipita upesi. Alionana na wataalamu wa Ufaransa na Italia, na mke wa Davy akamtenda kama mtumishi wa kubeba mizigo. Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard, wa kanisa lao dogo la Wasandemani, hawakujaliwa watoto.

Sasa tufike kwenye sumaku. Mwaka 1820 Oersted wa Denmark aligundua kwamba waya wenye umeme ukiwa karibu na dira, mshale wa dira hugeuka. Ulaya nzima ikaanza kujaribu. Mwezi wa Septemba 1821 Faraday alisimamisha sumaku katika chombo cha zebaki, akaning'iniza waya juu yake, akapitisha umeme wa betri. Waya ukaizunguka sumaku bila kusimama. Mota ya kwanza ilikuwa hiyo, ndiyo babu wa zote zinazoungua Kisenyi. Wengine walimshutumu kwamba ameiba fikira za mtu mwingine, na Davy mwenyewe alimpinga alipotaka kuingia Royal Society mwaka 1824. Aliingia hata hivyo.

Baada ya hapo aliuliza swali la kinyume. Ikiwa umeme unaleta usumaku, je, usumaku hauwezi kuleta umeme? Alijaribu mwaka 1824, akajaribu 1825, akajaribu tena 1828. Aliweka sumaku karibu na waya na kungoja. Akaweka waya wenye umeme sambamba na waya mtupu, akangoja. Mshale wa kipimo haukusogea. Kosa lake lilikuwa lile lile la watu wengi waliokuwa wakitafuta wakati huo: alikuwa akitazamia kwamba sumaku iliyotulia, kwa kuwa ina nguvu, itazitoa nguvu hizo kwa kukaa tu. Naomba msomaji asiipite sentensi hiyo haraka. Ndoto yetu ya gurudumu ilikuwa ndoto hiyohiyo, ila tuliitia baiskeli.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma laini, kipenyo chake inchi 6. Upande mmoja alisuka waya wa shaba, na upande wa pili waya mwingine usiogusana na ule wa kwanza. Siku hizo waya wa mota wenye vanishi haukuuzwa dukani. Ilimbidi kutenganisha kila duru kwa uzi na kila tabaka kwa kitambaa cha pamba. Fikiri kazi hiyo ya mikono, futi kwa futi! Waya wa upande wa pili aliupitisha juu ya mshale wa sumaku, na wa upande wa kwanza akauunga kwenye betri. Mshale uliruka, ukatikisika, ukarudi mahali pake. Betri iliendelea kutoa umeme, lakini mshale ulitulia kama mfu. Alipokata waya wa betri, mshale ukaruka tena, safari hii upande wa pili.

Mtu wa haraka angesema chombo ni kibovu. Faraday alikaa na mruko ule wa kitambo akiuwaza na kuujaribu kwa majuma kadhaa. Tarehe 17 Oktoba alichukua bomba la karatasi lililosukwa waya wa jumla ya futi 220, akasukuma ndani yake fimbo ya sumaku. Mshale ukaruka. Akaiacha sumaku ndani, mshale ukatulia. Akaichomoa, ukaruka kinyume. Basi jambo likawa wazi: umeme huja wakati usumaku unapobadilika mbele ya waya, na hukoma mabadiliko yanapokoma. Tarehe 28 Oktoba alizungusha sahani ya shaba yenye kipenyo cha inchi 12 katikati ya ncha za sumaku kubwa ya Royal Society, na umeme ukaja mfululizo kwa muda wote aliokuwa akizungusha. Hiyo ndiyo jenereta ya kwanza ya sumaku duniani. Kule Marekani Joseph Henry naye alikuwa ameliona jambo hili, lakini Faraday ndiye aliyetangulia kulitangaza, tarehe 24 Novemba 1831.

Mwaka uliofuata Hippolyte Pixii wa Paris alitengeneza mashine ya mkono yenye sumaku inayozunguka mbele ya koili. Mwaka 1834 Heinrich Lenz, huko Urusi, aliweka kanuni ambayo mimi niliijua kwa kiganja kabla ya kuijua kwa kitabu: umeme unaozaliwa hivyo daima huupinga mwendo uliouzaa. Ukiunga taa, koili nayo inakuwa sumaku na kulivuta gurudumu nyuma. Mwanga wa taa hulipwa na mkono. Ukisuka koili vizuri zaidi, ukaongeza sumaku, taa itawaka zaidi na mkono utachoka zaidi.

Faraday mwenyewe alilishika neno hili kwa nguvu. Mwaka 1840 alikuwa na mabishano na wataalamu waliosema kwamba umeme wa betri hutoka katika kugusana tu kwa metali mbili, pasipo kitu chochote kutumika. Miongoni mwa hoja zake alisema kwamba hilo lingekuwa ni kuumba nguvu kutoka hewani, jambo lisiloonekana popote katika maumbile. Katika betri zinki huliwa. Asiyeamini na aipime kabla na baada.

Wala hakuwa mtu wa kuficha kushindwa kwake. Alishuku kwamba uzito wa vitu, yaani mvutano wa dunia, nao unahusiana na umeme, akaangusha koili kutoka juu kwenda chini akitazama kipimo. Hakupata kitu. Aliandika kwamba hakupata kitu, na taarifa hiyo ikachapishwa mwaka 1851 kama taarifa zake nyingine. Kati ya mambo yake yote, hili ndilo ninalolipenda zaidi. Mimi na mwenzangu tuliporudi shuleni tuliwaambia wenzetu kwamba gurudumu lilizunguka dakika kumi.

Algebra hakuijua. Fikira zake juu ya mistari ya nguvu kuizunguka sumaku ziliwekwa katika hesabu na James Clerk Maxwell baadaye. Wanafunzi wasiitumie habari hii kama udhuru mbele ya mwalimu wa hesabu, maana Maxwell alihitajika.

Katika uzee wake alikuwa mshauri wa minara ya taa za meli. Mwaka 1858 mnara wa South Foreland, karibu na Dover, uliwashwa kwa umeme wa mashine ya sumaku na koili iliyotengenezwa na Frederick Holmes. Mwezi Februari 1860 Faraday alitaka kuikagua. Theluji ilikuwa imeziba njia, akashindwa, akarudi London. Siku chache baadaye akaenda tena, naye ana miaka 68, akapanda kuta na nyua na kukata mashamba kwa miguu mpaka akafika. Chini ya mnara alikuta injini ya mvuke ikila makaa ya mawe na kuzungusha mashine. Kule Jinja kazi hiyo ya kuzungusha inafanywa na maji ya Nile, tangu bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954.

Alikataa mara mbili kuwa rais wa Royal Society. Kumbukumbu zake zilidhoofika, naye akaziacha kazi moja moja. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867 akiwa ameketi kitini, katika nyumba ya Hampton Court aliyopewa na Malkia Victoria, akazikwa Highgate chini ya jiwe la kawaida.

Ile pete ya chuma ingali imehifadhiwa Royal Institution, London. Kitambaa chake kimechakaa na uzi unaonekana. Msuka mota yeyote wa Kisenyi akionyeshwa picha yake ataitambua mara moja kuwa ni kazi ya mkono, na nadhani atasema kwamba duru zake hazikulazwa sawasawa.