Maisha ya Paul Ehrlich, Mwenye Dawa ya 606

Mwaka wa 1906 tabibu mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, alifika visiwa vya Ssese, vilivyomo katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, akapiga kambi huko kwa ajili ya maradhi ya malale. Maradhi haya, yaletwayo na mbung'o, yalikuwa yamekwisha kuwamaliza watu wa kando ya ziwa kijiji baada ya kijiji. Koch aliwapiga wagonjwa sindano ya dawa iitwayo Atoxyl, ambayo ndani yake mna aseniki, ile sumu ambayo kwa Kiarabu huitwa zarnikh. Wagonjwa wakaanza kupata nafuu, na vijidudu vikatoweka katika damu zao. Kisha kipimo kikaongezwa, na zaidi ya watu 20 wakapofuka, wasirudiwe tena na nuru ya macho. Na ajabu ni kwamba jina hilo la Atoxyl lilichaguliwa ili kuwajulisha watu kuwa dawa ile haina sumu.

Basi je, ni kitu gani katika dawa ile kilichoua vijidudu, na ni kitu gani kilichoua macho? Je, ni kitu kimoja kisichotengeka, au ni viwili vyenye kuweza kutenganishwa? Mtu aliyeutumia umri wake katika swali hili ni Paul Ehrlich, na yeye hakuwahi kufika Ssese.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa la Wajerumani. Leo mji huo umo katika nchi ya Poland. Wazazi wake walikuwa Mayahudi, na yeye alibaki katika dini ya wazee wake mpaka kufa kwake, ijapokuwa jambo hilo lilimzuilia vyeo vingi katika vyuo vya nchi yake. Binamu yake, Karl Weigert, aliyekuwa tabibu, ndiye aliyemfunza kuzipaka rangi nyama za mwili ili zionekane vizuri katika darubini. Zama hizo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitoa katika lami ya makaa ya mawe rangi mpya za kila namna, na kijana huyu akashikwa na mapenzi ya rangi hata akayasahau masomo mengine. Vidole vyake havikukosa madoa.

Wenziwe waliona uzuri wa rangi tu. Yeye aliona fumbo. Aliona kwamba rangi moja huishika aina hii ya seli na kuiacha ile iliyo pembeni yake, kana kwamba rangi ina macho. Aliandika juu ya jambo hili katika risala yake ya udaktari huko Leipzig mwaka wa 1878. Baadaye akaona kuwa rangi ya buluu iitwayo methilini huingia katika mishipa ya fahamu ya mnyama aliye hai, ikaacha nyama zilizoizunguka. Ndipo alipojisemea moyoni kuwa, ikiwa rangi yaweza kuchagua, basi na sumu yaweza kuchagua; na ikipatikana sumu itakayomshika kijidudu na kuuacha mwili wa mwanadamu, hiyo itakuwa mfano wa ile risasi ya ngano za Wajerumani, ambayo haikosi shabaha yake wala haimdhuru mwengine.

Mwaka wa 1888 aligundua vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi yake mwenyewe, kwa njia ya rangi ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuitengeneza. Akaenda Misri pamoja na mkewe kutafuta hewa kavu, akarejea mwaka uliofuata akiwa mzima. Mwaka wa 1891 yeye na mwenziwe waliwatibu watu wawili wenye malaria kwa ile rangi ya buluu, na wote wawili wakapona. Haikuishinda kwinini, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa dawa iliyotengenezwa na kiwanda, isiyotoka katika mti wala jani, kumtibu mgonjwa wa malaria. Kazi yake ya dawa ya dondakoo na ya kinga ya mwili, iliyompatia tuzo ya Nobel mwaka wa 1908 pamoja na Ilya Mechnikov, twaipita kwa haraka, kwani si makusudio yetu leo. Mwaka wa 1899 alihamia Frankfurt, na 1906 mjane tajiri, Franziska Speyer, akamjengea nyumba ya utafiti kwa ukumbusho wa mumewe.

Hapa yatupasa tusimame kidogo tueleze jambo lenyewe. Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo ziitwazo atomu, nazo hushikana mikono kufanya molekuli. Atomu zile zile zikishikana kwa mpango mwengine, huwa kitu chengine kabisa, mfano wa herufi: ukizipanga upya herufi za neno "mali" hupata "lima". Mwaka wa 1894 mwanakemia Emil Fischer alilifananisha jambo hili na ufunguo na kitasa. Ufunguo haufungui kwa sababu ni wa shaba au wa chuma, bali kwa umbo la meno yake. Ukilisugua jino moja, mlango haufunguki. Ehrlich alilichukua fikira hii akaipeleka katika dawa. Alisema kwamba katika kijidudu mna vitasa, na dawa isiyoshikana na kitasa haifanyi kazi. Kwetu pwani mara nyingi twasikia dawa ikisifiwa kwa ukali wake au uchungu wake, kuwa hiyo ndiyo yenye nguvu. Huyu alifundisha kuwa nguvu ya dawa haimo katika ukali, imo katika umbo.

Tuirudie Atoxyl. Mfaransa mmoja, Béchamp, ndiye aliyeitengeneza katika karne ya 19, naye aliwaambia watu kuwa aseniki iliyomo imeshikwa na atomu ya naitrojeni. Mwaka wa 1905 watafiti wa Liverpool waliona kuwa yaua vijidudu vya malale katika wanyama. Wanakemia wote waliikubali picha ya Béchamp. Ehrlich hakuikubali. Aliijaribu dawa ile kwa kemikali ambayo hujibiwa na naitrojeni iliyo huru tu, nayo ikajibu. Basi ikadhihirika kuwa naitrojeni haikushikana na aseniki hata kidogo: aseniki imeshika pete ya kaboni sita upande mmoja, na naitrojeni imesimama upande wa pili, mkono wake ukiwa wazi. Yasimuliwa kwamba alipowaamuru wanakemia wake waifuate picha hii mpya, baadhi yao waliona ni upuzi wakaacha kazi. Aliyebaki ni Alfred Bertheim, na mwaka wa 1907 wawili hao walitangaza kuwa picha ya zamani ilikuwa kosa.

Asione msomaji kuwa huu ni ubishi wa wataalamu tu. Kama picha ya Béchamp ingekuwa sahihi, molekuli ile ingevunjika kila ikiguswa, na kazi ingekwisha hapo. Lakini mkono ukiwa wazi waweza kuubandika hiki au kile, ukaiondoa atomu hapa ukaiweka pale, na kila mara ukapata dawa mpya, ukatazama ni ipi yenye kuua vijidudu zaidi na mwili kidogo. Mizani yake ilikuwa hiyo: kiasi kinachoponya kwa kiasi ambacho mwili waweza kukivumilia. Dawa ambayo viasi hivi viwili vimekaribiana aliitupa, hata kama yaua vijidudu vyote.

Tena aliona jambo jengine. Atoxyl ikitiwa katika chupa pamoja na vijidudu vya malale, havifi; katika mwili wa panya, hufa. Akatambua kuwa mwili wenyewe huigeuza: aseniki ya Atoxyl ina mikono mitano iliyoshika, na mwili huipunguza ikabaki na mitatu, nayo hiyo ndiyo yenye kuua. Basi tangu hapo akaamuru dawa zitengenezwe zikiwa na mikono mitatu tangu mwanzo. Aliona pia kuwa vijidudu vilivyozoeshwa dawa moja kidogo kidogo huacha kuiogopa, na huendelea kufa kwa dawa ya umbo jengine.

Mamia ya dawa yakatengenezwa, kila moja na nambari yake. Nambari 606 ilitengenezwa mwaka wa 1907. Ndani yake naitrojeni ilisogezwa nyumba moja katika ile pete, na mahali pake pakawekwa oksijeni na haidrojeni. Msaidizi mmoja akaijaribu, akaandika kuwa haifai, ikawekwa rafuni.

Ilikaa rafuni mpaka 1909, alipokuja kutoka Tokyo mtafiti wa Kijapani, Sahachiro Hata, aliyekuwa hodari wa kuwaambukiza sungura maradhi ya kaswende. Kijidudu cha kaswende kilikuwa kimegunduliwa Berlin mwaka wa 1905. Ehrlich akamwambia azijaribu dawa zote upya, hata zilizokwisha kukataliwa. Hata akafanya hivyo bila kuruka moja, na alipofika 606 vidonda vya sungura vikafunga kwa sindano moja. Yule msaidizi wa kwanza sisi hatumlaumu sana kwa kukosea, kwani kila mtu hukosea. Kosa ni kwamba neno lake liliachwa miaka miwili bila ya mtu kulipima tena.

Mwezi wa Aprili 1910 khabari ilitangazwa katika mkutano wa matabibu mjini Wiesbaden, na barua zikamiminika Frankfurt kutoka kila pembe. Kabla ya hapo kaswende ilitibiwa kwa zebaki, iliyowang'oa watu meno na kuwaharibu mafigo. Ehrlich aligawa dozi 65,000 bila ya malipo kwa matabibu ili waijaribu na wamletee khabari, kisha ikauzwa kwa jina la Salvarsan. Lakini dawa hii ilikuwa unga wa manjano unaoharibika ukipata hewa, na kuuchanganya kulitaka uangalifu mkubwa. Waliouchanganya vibaya waliwaua wagonjwa. Mwaka wa 1912 akatoa nyengine iliyo nyepesi kuyeyuka, Neosalvarsan, nambari 914.

Walikuwako watu waliosema kuwa maradhi haya ni adhabu ya zinaa, na kuyatibu ni kuwafungulia wazinzi mlango. Zinaa ni haramu, na hatuna shaka na hilo. Lakini mke aliyeletewa maradhi nyumbani kwake amezini na nani? Na mtoto aliyezaliwa nayo?

Wengine walimzulia kuwa atafuta mali. Mwenye gazeti mmoja wa Frankfurt aliandika kuwa makahaba walilazimishwa hospitalini kupigwa dawa hii. Shauri likafika mahakamani mwaka wa 1914, Ehrlich akatoa ushahidi, na mwandishi akafungwa mwaka mmoja. Mambo haya yalimchosha sana. Alikufa Bad Homburg tarehe 20 Agosti 1915, umri wake miaka 61. Wanazi walipotawala waliliondoa jina lake katika barabara ya Frankfurt kwa kuwa ni Myahudi, na mjane wake akakimbilia Uswisi, kisha Marekani.

Dawa za ukoo wa 606 zilifika kwetu Afrika Mashariki katika miaka ya 1920, zikatumika kutibu buba, ambayo kijidudu chake ni ndugu wa kile cha kaswende. Na huenda imani kubwa ya watu wetu katika sindano ilitokana kwa sehemu na vidonda vile vya buba vilivyokauka kwa siku chache. Penisilini ikaziondoa zote tangu miaka ya 1940.

Na mwaka wa 2005 wanakemia wa New Zealand waliipima tena 606 kwa vyombo vya kisasa. Ehrlich aliichora kuwa ni atomu mbili za aseniki zilizoshikana mikono miwili miwili. Wao waliona si hivyo: ni pete, nyengine za aseniki tatu na nyengine za aseniki tano. Yeye aliyeisahihisha picha ya Béchamp, picha yake mwenyewe ilikuwa na kosa, na lilidumu karibu miaka 100.

Ama malale, aseniki haikuachana nayo upesi. Dawa iitwayo melarsoprol, iliyotolewa mwaka wa 1949, iliwaponya wengi ambao maradhi yalikwisha kuwafika ubongoni, na yenyewe ikamuua takriban mmoja katika kila 20 waliopigwa sindano yake. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilikubali vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya Afrika ya Magharibi na Kati, na 2024 kwa ile ya Mashariki. Mgonjwa huvimeza kwa siku 10, na ndani yake hamna aseniki.