B. J. Palmer

Bartlett Joshua Palmer (Septemba 1882 – 27 Mei 1961), aliyejulikana zaidi kama B. J., alikuwa tabibu wa kiropraktiki, mwalimu, mwandishi na mmiliki wa vituo vya redio nchini Marekani. Kwa zaidi ya miaka 50 aliongoza shule ya kiropraktiki ya Davenport, jimbo la Iowa, iliyoanzishwa na baba yake, Daniel David Palmer. Baba ndiye aliyebuni tiba hiyo, lakini mwana ndiye aliyeieneza na kuipigania mpaka ikapata wafuasi nchi nzima.

Anakumbukwa pia kwa kuingiza mashine katika kazi iliyokuwa ya mikono mitupu. Mwaka 1910 alileta eksirei, na mwaka 1924 kifaa cha kupima joto la mgongo. Mara zote mbili wenzake waligawanyika, na mara ya pili nusura apoteze kila alichokuwa amejenga.

Maisha ya awali

Palmer alizaliwa katika mji mdogo wa What Cheer, Iowa. Mama yake alifariki akiwa bado mtoto mdogo. Baba yake, mzaliwa wa Kanada, alioa tena mara kadhaa, na kijana alilelewa kwa ukali. Alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba alizoea kupigwa, na kwamba kuna siku alilala nje. Shuleni hakudumu.

Wakati huo baba alikuwa akitibu watu mjini Davenport kwa kile kilichoitwa tiba ya sumaku, yaani kuwawekea wagonjwa mikono akiamini kwamba nguvu ya uponyaji hupita kutoka kwake kwenda kwao. Tarehe 18 Septemba 1895 alibonyeza pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, msafishaji wa jengo ambaye usikivu wake ulikuwa umepungua kwa miaka 17. Palmer mzee alitangaza kwamba Lillard amesikia tena. Kutokana na tukio hilo alijenga nadharia kwamba pingili iliyohama kidogo hubana neva, na kwamba neva iliyobanwa ndiyo chanzo cha karibu kila ugonjwa. Tiba basi ni kuirudisha pingili mahali pake kwa mkono. Aliipa jina lililotokana na maneno ya Kigiriki ya mkono na kazi. Sayansi ya tiba haijathibitisha nadharia hiyo, ingawa tafiti za baadaye zilionyesha kwamba kukandwa na kunyooshwa mgongo kunaweza kupunguza kiasi maumivu ya kiuno.

Shule ilifunguliwa mwaka 1897, na B. J. alihitimu mwaka 1902. Mwaka huohuo baba aliondoka kuelekea magharibi na kumwachia kijana wa miaka 20 shule yenye madeni. Mwaka 1904 B. J. alimwoa Mabel Heath, ambaye alijifunza anatomia na kuifundisha shuleni hapo kwa miaka mingi. Mabel aliandika kitabu cha somo hilo, na wengi wanaona kwamba bila utulivu wake shule isingedumu. Mwana wao wa pekee, David, alizaliwa mwaka 1906.

Mwaka huo ulikuwa mgumu kwa familia. Baba, aliyekuwa amerudi, alishtakiwa kwa kutibu watu bila leseni, akakataa kulipa faini na kufungwa jela ya wilaya kwa siku 23. Alipotoka, baba na mwana walishindwa kuelewana na B. J. akainunua shule. Hawakupatana tena. Baba alipofariki mjini Los Angeles mwaka 1913, wapinzani wa B. J. walidai kwamba miezi michache kabla alikuwa amemgonga mzee huyo kwa gari kwenye maandamano mjini Davenport. Sababu ya kifo iliyoandikwa ilikuwa homa ya matumbo, na B. J. hakuwahi kutiwa hatiani.

Kesi ya La Crosse

Ili kuelewa ugomvi wa mashine ni lazima kwanza kutazama mahakama. Mwaka 1906 kilianzishwa Davenport chama cha UCA, ambacho kazi yake kuu ilikuwa kuwatetea matabibu wa kiropraktiki walioshtakiwa. B. J. alikuwa katibu wake. Mwaka uliofuata Shegataro Morikubo, mhitimu mwenye asili ya Japani, alifikishwa mahakamani mjini La Crosse, jimbo la Wisconsin, kwa kutibu bila leseni. Wakili Tom Morris alijenga hoja kwamba mshtakiwa hatibu kama daktari: hatoi dawa, hapasui, na ana falsafa na ufundi wake mwenyewe. Morikubo aliachiwa.

Tangu hapo usalama wa kila tabibu wa kiropraktiki ulitegemea tofauti hiyo. Jimbo la kwanza kupitisha sheria ya leseni, Kansas, lilifanya hivyo mwaka 1913, na la mwisho, Louisiana, mwaka 1974. Katikati ya miaka hiyo wengi walilala jela. Kila chombo kilichofanana na cha daktari kingeweza kuvunja utetezi wao.

Mashine ya eksirei

Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mwaka 1895, wiki chache tu baada ya Lillard kulala kwenye kitanda cha Palmer mzee. Miaka 15 baadaye B. J. alinunua mashine hiyo kwa ajili ya shule, akiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuitumia kutazama mgongo kwa lengo hilo. Aliipa kazi hiyo jina la spinografi ili isionekane kuwa ya madaktari. Alitaka kuthibitisha kwa picha kile ambacho vidole vilidai kuhisi.

Baadhi ya walimu na wanafunzi walikasirika. Kwao vidole vilitosha, na mashine ya hospitali ndani ya darasa ilikuwa usaliti. Mwaka 1910 wanafunzi wapatao 50 walitoka nje ya darasa, wakashuka kilima cha barabara ya Brady na kuanzisha chuo chao mjini humohumo. Kiongozi wao alikuwa Joy Loban, mwalimu wa falsafa ambaye B. J. mwenyewe alikuwa amempa cheo hicho.

Pamoja na hayo eksirei ilibaki. Baada ya muda hata shule zilizoipinga ziliinunua, na picha ya mgongo ikawa jambo la kawaida katika fani nzima. Madhara ya mionzi yalikuwa hayajaeleweka vizuri, na wagonjwa wengi walipigwa picha mara nyingi kuliko ambavyo ingekubalika leo.

Wanyoofu na wachanganyaji

Wakati huohuo B. J. alikuwa akiongoza vita nyingine. Shule kadhaa, hasa ile ya National mjini Chicago iliyoanzishwa na mwanafunzi wa zamani wa Palmer, zilianza kufundisha tiba za nyongeza: taa za joto, mikondo ya umeme, maji, masaji na lishe. Wafuasi wa mwelekeo huo waliitwa wachanganyaji. Waliobaki na mkono peke yake waliitwa wanyoofu, na B. J. ndiye aliyekuwa sauti yao kubwa.

Mtu anaweza kushangaa: vipi aliyenunua eksirei awalaumu wenzake kwa taa? Jibu lake lilikuwa na mantiki yake. Alitenganisha mashine inayotazama na mashine inayotibu. Ya kwanza humwonyesha tabibu mahali pa kuweka mkono. Ya pili hushika nafasi ya mkono, na ndiyo inayomgeuza kuwa daktari asiye na leseni. Mstari huo aliushikilia maisha yake yote. Wapinzani wake walisema ulichorwa mahali palipomfaa mwenyewe.

Neurokalometa

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza shule ilikua haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 2,000. Mwaka 1922 B. J. alinunua kituo cha redio cha WOC, mojawapo ya vituo vya mwanzo magharibi mwa mto Mississippi, na sauti ya Davenport ikasikika mbali. Katika mkutano wa wahitimu wa Agosti 1924 alikuwa kwenye kilele cha nguvu zake.

Ndipo alipotangaza neurokalometa. Kifaa hicho kilichobuniwa na Dossa Evans kilishikwa kwa mkono. Kilikuwa na ncha mbili za kupima joto zilizoteremshwa pande zote mbili za mgongo, na waya uliokwenda kwenye kipimo chenye mshale. Palipokuwa na tofauti ya joto kati ya kulia na kushoto, mshale ulisogea. Maelezo yalikuwa kwamba neva iliyobanwa hutoa joto, hivyo mshale unaonyesha pingili yenye kasoro. Kwa kweli joto la ngozi hubadilika kwa sababu nyingi, kuanzia mtiririko wa damu hadi nguo na hali ya chumba.

B. J. alieleza kwamba bila kifaa hicho hakuna tabibu anayeweza kujua kwa uaminifu kama amemtibu mgonjwa wake. Kisha akatoa masharti. Neurokalometa haikuuzwa, ilikodishwa tu, na shule yake ndiyo iliyoshika hati zote. Gharama ya kukodi ilifika dola 2,200, wakati ambapo gari jipya la Ford lilipatikana kwa chini ya dola 300. Tabibu wa mji mdogo aliyekuwa ameuza shamba ili asome Davenport sasa aliambiwa kwamba mikono aliyofundishwa na shule hiyohiyo haitoshi, na kwamba kitakachotosha kinagharimu kuliko nyumba yake.

Wengine walilipa, lakini wengi hawakusamehe. Hasira haikuwa juu ya kifaa peke yake, kwani wapo waliokiamini na bado wakaona kwamba mtu mmoja hapaswi kuwakodisha wenzake ukweli. Idadi ya wanafunzi ilianguka hadi mia chache kabla ya muongo kwisha. Mwaka 1926 walimu wanne waliokuwa nguzo za shule, James Firth, Harry Vedder, Stephen Burich na Arthur Hendricks, walianzisha Chuo cha Lincoln mjini Indianapolis. B. J. alipoteza uongozi wa UCA, akaunda chama kingine mwaka huohuo. Tangu 1941 chama hicho kinaitwa International Chiropractors Association.

Miaka ya baadaye

Redio ndiyo iliyosaidia kumwokoa kifedha. Mwaka 1930 alipata pia kituo cha WHO cha Des Moines. Miongoni mwa watangazaji wa michezo wa vituo vyake alikuwa kijana Ronald Reagan, aliyekuja kuwa rais wa Marekani.

Palmer mwenyewe alizidi kubana mafundisho yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alifundisha kwamba pingili za juu kabisa za shingo ndizo pekee zinazohitaji kurekebishwa. Katika miaka hiyo alifungua kliniki ya utafiti ambamo wagonjwa walipimwa na madaktari wa kawaida kabla na baada ya tiba, na ambamo alijaribu mashine moja kubwa, yenye jina refu kupita kiasi, ya kufuatilia mawimbi kati ya ubongo na mwili. Kumbukumbu zilijaa makabati. Hata hivyo hakukuwa na kundi la wagonjwa wasiopewa tiba la kulinganisha nalo, hivyo zilishindwa kuwashawishi wasiokuwa wafuasi wake.

Aliandika vitabu vingi mno, alisafiri duniani na kukusanya sanamu na vitu vya sarakasi. Mabel alifariki mwaka 1949. B. J. alifariki mjini Sarasota, Florida, na David akashika uongozi wa shule, akaipeleka karibu zaidi na utaratibu wa vyuo vingine vya Marekani.

Mashine baada ya Palmer

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960, mwaka mmoja tu kabla ya kifo cha Palmer. Mwishoni mwa muongo huo Endre Mester wa Budapest aliona kwamba manyoya ya panya walionyolewa yaliota haraka zaidi yakimulikwa kwa leza ya nguvu ndogo. Leza ya aina hiyo haikati wala haichomi. Inatoa mwanga mwekundu au wa karibu na mwekundu usioonekana, unaodhaniwa kuchochea utengenezaji wa nishati ndani ya seli. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kuuzwa kwa kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya maumivu ya shingo na bega, na kliniki nyingi za kiropraktiki zikaanza kukitumia.

Baadhi ya majaribio yameonyesha nafuu ya maumivu ya shingo, ilhali watafiti bado wanabishana juu ya kipimo cha mwanga na ukubwa wa faida. Tabibu anayetaka kuongeza leza hukutana na maswali ya 1924: bei, mafunzo, ushahidi, na je, mgonjwa analipia nafuu au analipia mwonekano wa chombo? Juu ya hayo hulazimika kuwa na miwani ya kukinga macho na kuangalia sheria ya jimbo lake, kwa kuwa kila jimbo hujiamulia kazi zipi zinaruhusiwa chini ya leseni ya kiropraktiki. Kwa kipimo cha Palmer leza ni mashine inayotibu, si inayotazama. Vyama vya wanyoofu vilivyobaki bado vinaiweka upande wa wachanganyaji, ambao kwa sasa ndio wengi.